Nati ya Kushoto



Jumapili iliyopita baadhi yenu mlituuliza, wengine kwa adabu na wengine kwa kicheko, imekuwaje mikono ya paroko iwe na weusi usiotoka kwa sabuni. Tuliahidi kujibu hapa. Weusi ule ulikuwa grisi, na habari yake ni ya gari moja, nyuzi mbili, timazi ya mwashi na nati isiyozidi upana wa vidole viwili. Waliozoea kusoma katika ukurasa huu mambo ya juu zaidi watuwie radhi. Juma hili tutakuwa chini, tena chini kabisa, kwa kuwa sehemu kubwa ya haya tunayoyasimulia ilitendeka tukiwa tumelala chali uvunguni.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002, iliyoingia nchini ikiwa imekwisha kutumika Japani. Lilikuwa mali ya mdogo wetu, aliyefariki dunia kwa maradhi miaka 3 iliyopita, akamwacha mjane na kijana mmoja wa kiume. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,994, yenye tabo, na ilipotoka kiwandani ilihesabiwa nguvu za farasi 250, zikigawanywa kwa magurudumu yote 4. Wenye umri wetu katika Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa jina hilo. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na tena mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns. Mdogo wetu alikuwa miongoni mwa vijana walioyafuatilia mashindano yale redioni huku wakisahau kula. Gari hili alilinunua ukubwani, kama mtu anayelipa deni la utoto wake.

Alipofariki, gari likawa halina mwenyewe wa kweli. Liliazimwa na huyu, likarudishwa na yule, likapelekwa gereji kubadilishwa bushi, likakaa. Mwaka huu kijana wake amepata kazi Dodoma, na alitakiwa kuripoti Jumatatu. Aliamua kwenda na gari la baba yake, na mama yake aamue moyo kwa kuona mahali mwanawe atakapoishi. Kutoka kwetu hapa Iringa safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 260, nayo inashuka miteremko ya Nyang'oro, yenye kona ambazo dereva yeyote wa njia ile anazijua kwa majina ya matusi.

Ijumaa asubuhi kijana alifika parokiani, akatuamkia, kisha badala ya kuketi akatuomba tutoke nje. Alitaka tuone tairi za nyuma. Zilikuwa zimenunuliwa mpya miezi 5 tu kabla. Upande wa nje zilikuwa bado na vile vinyweleo vya mpira vya dukani. Upande wa ndani zilikuwa zimeliwa mpaka nyuzi zinaonekana. Alikuwa amekwisha kulipia alaimenti mjini mara mbili, na kila mara alikabidhiwa gari likiwa na usukani ulionyooka na maneno ya kumtia moyo. Mara ya pili alipouliza juu ya magurudumu ya nyuma, aliambiwa kwamba gari hili nyuma halina marekebisho.

"Baba mkubwa," alisema, "nasikia wewe ulisoma kazi hizi."

Ni kweli kwa kiasi chake. Katika seminari ndogo, kazi za mikono zilikuwa sehemu ya ratiba kama vile Kilatini. Wenzetu wengine waliangukia bustani na wengine zizi. Sisi tuliangukia karakana, ambako kwa miaka kadhaa tulimshikia taa fundi wa lori la shule. Huko tulijifunza jambo moja ambalo halijatutoka: kwamba mashine ya bei kubwa hupima haraka, lakini haipimi kitu kisichoweza kupimwa kwa uzi, kipimio na subira. Tukamwambia kijana tutajaribu. Tulikuwa na siku mbili.

Ndugu wasomaji, kabla ya kuendelea ni vema tueleweshane hicho kinachopimwa. Gurudumu la gari halikai wima na kunyooka tu kama linavyoonekana. Lina pembe tatu. Ya kwanza mafundi huiita kemba, yaani kiasi ambacho gurudumu limeegea ndani au nje ukilitazama kutoka mbele ya gari. Gari la mwendo huhitaji liegee ndani kidogo, ili linapokata kona kwa nguvu na mwili wa gari kulala, tairi libaki limekanyaga kwa upana wake wote. Ya pili ni kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele huzungukia, ndio unaofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Katika Impreza kasta haina mahali pa kurekebishia ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo hatukuigusa. Ya tatu ni tou: jinsi magurudumu mawili ya ekseli moja yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu, kama nyayo za mtu aliyesimama. Wako wasimamao vidole vikiwa vimeelekeana, na wako wasimamao vikiwa vimeachana.

Katika hizo tatu, mla tairi mkuu ni tou. Gurudumu lenye tou mbaya huviringika likielekea upande mmoja huku gari likilivuta kwenda upande mwingine. Basi kila hatua linaburutwa.

Kazi ya kwanza haikuwa kupima, bali kutafuta kilicholegea. Hakuna faida ya kunyoosha gurudumu lililoshikwa na kiungo kilichochakaa, kwa kuwa kipimo cha asubuhi hakitakuwa kipimo cha jioni. Tulipandisha gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi, maana jeki peke yake haiaminiwi na mtu anayetaka kuiona kesho. Kisha tukashika kila gurudumu, mara juu na chini, mara kushoto na kulia, tukatikisa. Kiungo cha tairodi upande wa kushoto kilicheza. Kijana akapanda bodaboda kwenda mjini, akarudi na kipya kabla ya saa sita.

Tukiwa uvunguni tuliona vitu viwili. Kwanza, karibu kila nati na bolti ya miguu ya gari ilikuwa na alama ya rangi nyekundu, kistari chembamba kilichopita juu ya nati na kuendelea kwenye chuma kilicho jirani. Tulidhani ni alama za kiwandani, au rangi iliyodondoka. Pili, bolti moja haikuwa na alama ile: ya mkono wa nyuma, upande wa kushoto. Hiyo ndiyo bolti yenye kichwa kisicholingana pande zote, ambayo ukiizungusha inasukuma mkono wa gurudumu ndani au nje. Kwa maneno mengine, ndiyo marekebisho ya nyuma ambayo kijana aliambiwa hayapo. Aliyebadilisha bushi aliitoa, akairudisha jinsi ilivyomwangukia mkononi.

Sasa kupima. Sakafu ya banda la parokia inaonekana tambarare, lakini jicho si shahidi. Tuliazima kwa waashi wanaotujengea ukumbi ule mpira wao wa maji, tukaujaza, na maji yakatuambia kwamba kona moja ya sakafu ilikuwa chini kwa milimita 14. Tuligongelea mbao vitako 4 vipana na imara, tukavisawazisha kwa vipande vya mbao nyembamba mpaka maji yakakubali, tukalishusha gari juu yake. Tuliweka upepo sawa katika tairi. Kwenye kiti cha dereva tulipakia mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 na mwingine wa mchanga wa kilo 20, maana gari halitembei bila dereva na uzito wake hubadili mkao. Usukani tuliunyoosha na kuufunga kwa kamba na kipande cha ubao ili usicheze.

Kisha tukasimamisha vyuma 4, viwili mbele na viwili nyuma ya gari, tukavuta uzi wa waashi ubavu wa kushoto na mwingine ubavu wa kulia, kwa kimo cha vitovu vya magurudumu. Hapa ndipo penye subira. Umbali kati ya nyuzi mbili lazima ulingane mbele na nyuma, na kila uzi uwe mbali sawa na kitovu cha kushoto kama ulivyo na cha kulia, ekseli kwa ekseli. Ukisogeza huku, kunaharibika kule. Ilituchukua saa nzima na nusu. Lakini nyuzi zikishatulia, gari limewekwa ndani ya mstatili usiodanganya, na kupima tou ni kusoma namba mbili tu: kutoka uzini hadi ukingo wa mbele wa rimu, na kutoka uzini hadi ukingo wa nyuma wa rimu ileile. Tofauti yake ndiyo tou.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliandika kila namba katika daftari la shule, na daftari hilo likatuumbua mapema. Tulipopima mara ya pili kwa uhakika, namba zilikuwa nyingine. Tulipima mara ya tatu: nyingine tena. Kosa letu lilikuwa la kiseminari hasa, la kukumbuka nadharia na kusahau kitendo. Gari linaposhushwa kutoka jeki, tairi hung'ang'ania pale zilipogusa, na shokapu na springi haziwezi kukaa mahali pake. Mafundi wenye vifaa huweka sahani zinazoteleza. Sisi tulichukua vigae 8 vilivyobaki vya sakafu ya ukumbi, tukapaka grisi, tukaviweka viwili viwili uso kwa uso chini ya kila tairi. Tulipolishusha gari na kulikandamiza mara kadhaa kila kona, tuliona vigae vikiteleza vyenyewe kama vinavyopumua. Baada ya hapo namba zikatulia. Kazi yote ya Ijumaa ilikuwa bure, isipokuwa somo hilo.

Jumamosi asubuhi daftari lilisoma hivi. Nyuma kulia: tou ya ndani, milimita 1. Nyuma kushoto: tou ya nje, milimita 9. Mbele, usukani ukiwa umenyooka, magurudumu yote mawili yalielekea kushoto kwa takribani milimita 5 kila moja.

Tulikaa juu ya ndoo tukazitazama namba hizo, na gari likaanza kueleweka. Magurudumu ya nyuma, yakijumlishwa, yalikuwa yanasukuma kuelekea kushoto. Gari la namna hiyo haliendi kama mshale. Huenda kama mbwa akimbiaye ubavu, pua upande wa kulia kidogo na mkia upande wa kushoto. Waliotengeneza mbele mjini waliyageuza magurudumu ya mbele yafuate upotofu wa nyuma, mpaka usukani ukaonekana umenyooka. Hawakuondoa kosa. Walilifanya lisionekane na dereva. Wakati huohuo magurudumu mawili ya nyuma yalikuwa yameachana kwa jumla ya milimita 8, yaani kila moja limepotoka milimita 4 kutoka njia linakoburutwa. Rimu yetu ya inchi 16 ina kipenyo cha kama milimita 440 ukipima ukingo kwa ukingo. Gawanyeni 4 kwa 440, mtaona kwamba katika kila kilomita 1 tairi lilikuwa linasogezwa kiubavu kwa kiasi cha mita 9. Katika kilomita 500 ni zaidi ya kilomita 4 za kuburutwa. Hapo hatukushangaa tena kuona nyuzi.

Kemba tuliipima kwa timazi. Ukining'iniza timazi kando ya gurudumu, ukapima kutoka uzini hadi ukingo wa juu wa rimu na ukingo wa chini, kwa rimu hii tofauti ya milimita 8 ni karibu sawa na digrii 1. Mbele kulia tulipata milimita 8 za kuegea ndani. Mbele kushoto tulipata 4 tu. Gari huvutwa kuelekea upande ambao gurudumu limeegea ndani kidogo zaidi, nalo kwa kweli lilikuwa likivuta kushoto. Barabara zetu huongeza uvutaji huo kidogo, maana zimeinamishwa kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yatiririke. Lakini barabara haikustahili kubebeshwa lawama yote.

Kurekebisha kuna utaratibu wake, na anayeuvunja hufanya kazi mara mbili. Nyuma hutangulia, kwa sababu nyuma ndiyo iamuayo njia ya gari. Kemba ya mbele hufuata. Tou ya mbele huja mwisho, kwa kuwa ukigusa kemba, tou nayo huhama. Kijana aliizungusha ile bolti ya nyuma kushoto kidogo kidogo, nasi tukisoma uzini, mpaka upande ule ukawa na milimita 1 ya ndani kama mwenzake. Akaikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kama ipasavyo, ili mpira wa bushi usikazwe ukiwa umejipinda. Mbele kushoto tulilegeza bolti mbili za chini ya shokapu, tukazungusha ile ya juu ambayo nayo haina kichwa kilicholingana, mpaka timazi ikasoma 8. Mwisho tukalegeza nati za kufungia za tairodi zote mbili, kushoto na kulia, tukazungusha fimbo zenyewe. Robo mzunguko ilisogeza ukingo wa rimu kwa zaidi kidogo ya milimita 1. Magharibi ilikuwa inaingia tulipopata sifuri pande zote, usukani ukiwa umefungwa katikati.

Tulilijaribu gari jioni ileile, kilomita 12 kwenda na kurudi. Kijana aliendesha. Penye lami iliyonyooka aliinua vidole vyake juu ya usukani kidogo tu, na gari likaendelea na njia yake. Hakusema neno. Tulimtazama upande, tukaona anafanana na baba yake kuliko tulivyowahi kuona, tukageuza macho dirishani.

Tuliporudi, akiwa anafuta mikono, aliuliza: "Baba mkubwa, nati zote zimekazwa?"

Tukajibu: "Tumekaza."

Wasomaji wetu wa siku nyingi mnajua kwamba katika ukurasa huu hatusemi "mimi". Ndivyo tulivyozoezwa kuandika seminarini: anayesema "sisi" hajitukuzi, na hasimami peke yake. Ni desturi nzuri, nasi hatukusudii kuiacha. Lakini usiku ule, tulipozima taa, neno lile lilirudi na kukaa kando ya kitanda. Tumekaza. Nani? Tuliipitia kazi ya siku kuanzia mwanzo. Bolti za shokapu, tulizikaza sisi wenyewe, mikono ilikumbuka. Bolti ya nyuma, kijana. Nati ya tairodi ya kulia, kijana, tulimwona. Nati ya kushoto... Hapo giza. Wakati ule kulikuwa na mtu aliyekuja kuuliza habari za ubatizo wa mtoto wake, tukatoka uvunguni kumjibu. Tuliporudi kijana alikuwa upande wa pili anafungua nyuzi.

Kulipopambazuka, kabla ya kengele ya kwanza, tulichukua tochi tukaenda bandani tukiwa bado na kandambili. Tulilala chini, tukanyoosha mkono nyuma ya gurudumu la kushoto. Nati ilizunguka kwa ncha ya kidole.

Tusiikuze hatari hiyo kupita kiasi. Tairodi isingechomoka palepale. Fimbo yenye nyuzi nyingi ndani ya kiungo chake haiachii kwa kilomita moja. Lakini nati ile ndiyo inayoizuia fimbo isijizungushe. Bila nati, mitikisiko ya barabara huisogeza, tou hubadilika mwendo ukiendelea, nyuzi za chuma husagana, na gurudumu la mbele huanza kuwa na mawazo yake lenyewe. Tuliwaza juu ya Nyang'oro. Tuliwaza juu ya lori linalopanda huku wao wakishuka, na juu ya nani atakuwa ameketi kiti cha kushoto.

Kuikaza kulichukua chini ya dakika 2: spana moja kushika fimbo, nyingine kukaza nati. Kisha tukakaa sakafuni. Hapakuwa na mtu. Gari sasa lilikuwa salama, nati ilikuwa imekazwa, na lile neno la jana lilikuwa limekwisha kuwa kweli, limechelewa tu kwa saa 10. Tukajiambia kwamba kumweleza kijana kungemtia hofu bure asubuhi ya safari. Tulijiambia pia kwamba mama yake amekwisha kupata majonzi ya kumtosha. Hoja zilikuja kwa wingi na kwa mpangilio mzuri. Hatujawahi kuandaa hotuba kwa wepesi namna ile.

Kilichotuzuia hakikuwa utakatifu. Ilikuwa hesabu. Kama nati moja ilipita kati ya watu wawili, kila mmoja akidhani ni ya mwenzake, ni nini kilichotuhakikishia kwamba ilikuwa moja tu? Tungezikagua nyingine tulizozifanya sisi. Lakini zile alizozikaza yeye tungewezaje kumwomba azikague tena bila kumwambia sababu? Kunyamaza kungeiponya nati ya kushoto na kuziacha zilizobaki katika dhamana ya neno ambalo tulikwisha kujua kwamba halikuwa na mwenyewe.

Baada ya misa ya kwanza walikuwa tayari, mizigo imepakiwa. Tuliwaita wote wawili kando ya gari, tukamwambia kijana: "Jana uliniuliza kama nati zimekazwa, nikasema tumekaza. Ya kushoto sikuikaza mimi, wala sikujua kama umeikaza wewe. Alfajiri nimeikuta imelegea."

Alitutazama muda mrefu. "Mimi nilijua umeikaza wewe, baba mkubwa. Ulivyosema 'tumekaza', nikaona basi."

"Nami niliona basi."

Shemeji yetu hakuwa amesema neno. Alisogea, akainama kutazama nyuma ya gurudumu, akauliza: "Vile vistari vyekundu bado vipo?" Tukamwambia vipo, isipokuwa penye bolti tulizozifungua. Akasema, "Marehemu alikuwa hakazi kitu bila kukipaka. Anakaza, anapaka, ndipo anahamia kingine. Rangi zangu za kucha ziliishia humo. Nilikuwa nikimgombeza."

Hapo tukaelewa alama zile. Kistari kinachopita juu ya nati na kuendelea kwenye chuma kinasema mambo mawili kwa mpigo: kwamba mtu alifika hapa na spana, na kwamba nati haijasogea tangu siku ile, maana ikisogea kistari hukatika. Mdogo wetu alikuwa anajiandikia. Na ile bolti ya nyuma kushoto, isiyokuwa na alama, ilikuwa inatuambia tangu Ijumaa kwamba iliguswa na mkono mwingine. Tulikuwa tumeisoma nusu tu.

Kijana alivua shati la safari, akaingia uvunguni. Safari hii hatukugawana. Yeye alikaza, akisema kwa sauti jina la kila nati na neno moja, "Nimekaza". Sisi tulifuata nyuma na spana yetu, tukajaribu, ndipo tukapaka kistari kwa rangi nyekundu iliyobaki ya geti la parokia. Bolti ya nyuma kushoto, aliyoikaza yeye mwenyewe Jumamosi, ilikubali kuzunguka tena karibu robo mzunguko. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tu, "Hii nayo." Hatukuongeza neno. Nyingine zote zilikuwa imara. Kazi hiyo ilichukua dakika 40, na ndiyo iliyotupaka weusi mliouona tulipoingia misa ya pili.

Waliondoka saa tano kasorobo. Saa kumi na moja jioni simu iliita: wamefika Dodoma, Nyang'oro wameshuka salama, usukani umenyooka. Alikuwa amesimama Mtera kutazama vistari, na vyote vilikuwa vizima. Kama tairi mpya za nyuma zinaliwa sawasawa, hilo tutalijua akizipima baada ya kilomita 3,000 au zaidi. Kwa sasa tunazo namba za daftari tu, na daftari amelichukua yeye.

Wapo kati yenu wenye magari na wenye moyo wa kujaribu. Kwenu tunasema: inawezekana. Nyuzi, timazi, mpira wa maji na vigae vyenye grisi vinatosha, mradi mkague viungo kwanza, muanzie nyuma, na msiamini namba ambayo haijarudi mara mbili. Mkifanya kazi wawili, kila nati iwe na mwenyewe mmoja na alama moja. Na akiwauliza mtu kama mmekaza, jibuni kwa umoja au msijibu.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda. Barakeni wote.